Ajahn Chah, mtawa wa msituni aliyelishwa na wakulima

Mtu wa kusini mwa Tanzania ukimwambia unataka kumsimulia maisha ya mtawa, moja kwa moja anaona Peramiho au Ndanda, wale Wabenedikto walioanza pale 1898 na 1906, karakana, useremala, mashamba, hospitali, mitambo ya kuchapa vitabu, yaani watu wanaosali na kupiga kazi na vitu vyao vingi wanajitengenezea wenyewe. Sasa chukua hiyo picha uigeuze kichwa chini miguu juu. Huyu wa leo sheria za utawa wake zilimkataza kuchimba udongo, kukata hata tawi bichi, kujipikia, kuweka chakula mpaka kesho, kushika hela. Na chochote cha kula, ukiacha maji, hakitii mdomoni mpaka mtu mwingine amkabidhi, hata embe lianguke mbele ya miguu yake anapita tu. Kijiji kisipompa kitu asubuhi, siku hiyo hali. Na hayo maisha hakulazimishwa na mtu, aliyachagua akiwa na miaka 20 akayaishi zaidi ya miaka 50.

Anaitwa Ajahn Chah. Ajahn ni mwalimu kwa Kithai, na wanafunzi wake walimwita Luang Por, kama sisi tunavyosema baba kwa mzee tusiyezaliwa naye. Kwenye Ubudha wa Thailand huyu ni jina kubwa sana, na huko Ulaya na Marekani mafundisho yake yanasomwa na watu ambao hata Thailand hawajawahi kufika.

Mimi nilimfikia kwa njia ya kawaida tu ya mtu wa mjini, stresi, usingizi hauji, nikawa natafuta vitu vya kusikiliza usiku, nikaangukia mahubiri yake yaliyotafsiriwa. Nilitegemea sauti laini ya kunibembeleza. Nikakuta mzee anayetania, anayefoka, anayekwambia wazi kwamba ukija kwake kutafuta raha umekosea nyumba. Na kadiri nilivyoendelea kumsoma kuna jambo moja likawa halinitoki kichwani, kwamba tukisikia mtawa wa msituni tunadhani ni mtu aliyekimbia watu, kumbe huyu sijaona mtu anayewahitaji watu kama yeye. Msitu wenyewe hauwezi kuwa popote, lazima uwe umbali wa kutembea kwa mguu mpaka kijijini na kurudi kabla chakula hakijapoa. Ukienda mbali zaidi ya hapo unakufa njaa, na utakatifu wako hausaidii kitu.

Alizaliwa tarehe 17 Juni 1918 kwenye kijiji kinachoitwa Ban Gor, mkoa wa Ubon Ratchathani, kaskazini mashariki mwa Thailand, eneo wanaloliita Isan. Isan ni uwanda wa udongo wa kichanga, mvua za kubahatisha, watu wanaongea lugha ya ndugu zao wa Laos, wanakula wali wa kunata kwa mkono na samaki waliovundikwa mpaka harufu inakutangulia, na watu wa Bangkok tangu zamani wanawaona washamba. Kwao hawakuwa hohehahe, walikuwa na mashamba ya mpunga na watoto kumi. Akiwa bado mtoto akapelekwa hekaluni, ambako ndo watoto wengi wa kiume walikuwa wanapata kusoma, akakaa miaka mitatu kama mtawa mdogo, halafu akarudi nyumbani kulima na wazazi. Hapo hamna muujiza wowote, nusu ya vijana wa kijiji wangeweza kukusimulia hadithi hiyo hiyo.

Aprili 1939 akaingia utawa kamili. Hilo nalo lilikuwa la kawaida, kule kijana anatarajiwa avae vazi la utawa walau kwa miezi mitatu ya mvua ili wazazi wapate baraka, alafu anavua, anaoa, maisha yanaendelea. Yeye hakuvua. Akasoma maandiko, akasoma Kipali, ile lugha ya zamani ya maandiko ya Kibudha, akafanya mitihani na kufaulu. Alipokuwa anajiandaa na mtihani mwingine baba yake akaugua sana, akaacha vitabu akarudi nyumbani kumuuguza mpaka mzee akafariki. Na mzee kabla hajafa alikuwa amemwomba kitu kimoja, abaki kwenye utawa. Pale kitandani, anasimulia mwenyewe, ndo vitabu vyote alivyosoma vilimwonekana vyepesi, kwa sababu alijua kila kitu kilichoandikwa kuhusu kifo na alipokuja kukaa nacho chumba kimoja hakujua afanye nini.

1946 akafunga mzigo akaondoka kwa miguu. Mzigo wenyewe ni bakuli, mavazi matatu, na mwavuli mkubwa unaoning'inizwa kwenye tawi ukazungushiwa chandarua, ukilala humo ndo nyumba. Alitembea kama kilomita 400 hivi mpaka Thailand ya kati akitafuta mwalimu wa kumfundisha kwa vitendo. Huko njiani akawa anasikia jina moja tu linatajwa, Ajahn Mun.

Huyu Mun lazima nimseme kidogo maana bila yeye habari hii haipo. Alizaliwa 1870, naye mtu wa Ubon huko huko, yeye na mwalimu wake Ajahn Sao walitumia maisha yao kutembea misitu ya Isan na Laos wakati watawa wengi walikuwa kwenye mahekalu ya vijijini wanafundisha watoto, wanaendesha sherehe, wanapiga ramli kidogo, wanatibu kwa dawa za miti. Mun akarudisha mambo ya zamani kabisa, mlo mmoja kwa siku, kulala chini ya miti, kukaa makaburini, kutafakari usiku kucha. Wakubwa wa dini mwanzoni waliwaangalia hawa watembezi kwa jicho la mashaka, mtawa asiye na anwani utamdhibiti vipi. Baadaye hao hao wakubwa wakaanza kuja kupiga magoti.

Chah akamkuta Mun mkoani Sakon Nakhon mwaka 1948, mzee amebakiza mwaka mmoja tu wa kuishi. Na unajua alikaa naye muda gani? Siku mbili tatu. Basi! Siku hizi watu wanamfuata mchungaji au shehe miaka kumi wakisubiri neno lao binafsi, huyu kakaa siku ambazo ukienda msibani unakaa nyingi zaidi, na akasema zimemtosha. Alikuwa amebeba swali ambalo mimi nalipenda kwa sababu ni la mtu mwaminifu, kwamba sheria za utawa ni nyingi mno, 227 za msingi na maelezo yake yamejaa makabati, binadamu anazishikaje zote? Mun akamjibu kwa namna ya mzee wa kijiji, kwamba ukizishika moja moja ni kweli hazishikiki, wewe linda moyo wako uwe na haya na uwe na woga wa kutenda ubaya, ukiwa na hivyo viwili ukiona kitu huna hakika nacho hutakigusa, na sheria zote zitakuwa zimeshikwa. Chah alikuwa wa tawi kubwa la kawaida la watawa wa Thai, Mun wa tawi dogo lenye msimamo mkali, akauliza ahamie? Mun akamwambia hakuna haja, kote kuna watu wema. Akarudi barabarani.

Sasa niwape usiku wa makaburini, maana hiyo ndo hadithi ambayo nilisikiliza nikawasha taa.

Chah alikuwa anaogopa mizimu. Sio kuogopa kwa kupamba hadithi, alikuwa mtoto wa kijiji cha Isan, mizimu kule ni majirani. Akasema mwenyewe kwamba kwa vile naogopa, basi ndo niende. Akaenda kwenye msitu wanakochomea maiti akiwa na mwenzake mmoja mlei, na jioni hiyo hiyo, kama vile imepangwa, wanakijiji wakaleta maiti ya mtoto. Wakamaliza, wakaondoka, usiku ule hakulala. Kesho yake akajiambia imetosha niondoke, mguu ukagoma kwa aibu, akabaki, na siku hiyo ikaja maiti ya mtu mzima, ikachomwa pale karibu na alipotundika mwavuli. Usiku akakaa ameupa mgongo ule moto. Mara akasikia kitu nyuma kinajigeuza kwenye moto. Halafu hatua. Nzito, kama za nyati wa kufugwa, zinakanyaga majani makavu, zikaja, zikamzunguka, zikaelekea kwa mwenzake, zikarudi tena, zikasimama mbele yake. Hakufungua macho. Anasema hofu ilijaa mpaka ikawa haina pa kuongezeka, kama mtungi ukishajaa maji mengine yanamwagika tu nje, na pale kwenye kumwagika ndo akajiuliza, hivi hasa naogopa nini? Akajijibu, kufa. Na hicho kifo kiko wapi? Kiko ndani yangu, nikimbie niende nacho, nibaki niko nacho. Hofu ikakatika.

Hapo mhubiri mwingine angeishia na wewe ungeondoka na hadithi yako safi ya ushindi. Chah anaendelea. Anasema baada ya hapo ikaja mvua kubwa, akalowa, akaanza kulia, akijihurumia kabisa, kwa nini nimekaa hapa kama yatima wakati watu wengine wamelala kwenye nyumba kavu, na asubuhi akakojoa damu. Halafu akachukua bakuli akaenda kijijini kupokea chakula. Yule aliyeshinda kifo saa nane usiku, saa kumi na mbili asubuhi amesimama kimya mbele ya mlango wa mkulima anasubiri donge la wali.

Kuna na jambo la matamanio, ambalo waandishi wa maisha ya watakatifu huwa wanaliruka. Chah hakutaka lirukwe. Alikaa na vita ya mwili miaka mingi, kuna kipindi ilimbana siku kadhaa mfululizo hata kutembea kwa kutafakari alikuwa hawezi, na alipokuwa mwalimu mkubwa akasema wazi mkiandika maisha yangu hilo liwemo. Nampa heshima kwa hilo kuliko usiku wa mizimu. Mizimu kila mtu anaweza kujisifia.

Miaka saba ya kutembea, misitu yenye chui milia na swila, malaria juu ya malaria, halafu Machi 1954 akarudi karibu na kwao. Ndugu na wanakijiji walimwita. Wakampa msitu unaoitwa Pah Pong, kilomita chache tu kutoka alipozaliwa, msitu ambao mtu hakuthubutu kuukata kwa sababu ya mizimu na homa. Mizimu hatukusikia tena habari zake, homa ikabaki. Watawa wa mwanzo waliugua malaria karibu wote, dawa hamna, chakula kibovu, kuna siku ni wali mtupu na ndizi. Ndo ikawa Wat Nong Pah Pong, wat ni hekalu au monasteri kwa Kithai. Mama yake mzazi akaja kuishi pale, akanyoa nywele, akavaa nguo nyeupe za watawa wa kike, yeye na wanawake wengine wachache. Huyo mama mshikilieni, nitamrudia.

Ratiba ya pale ilikuwa hivi. Saa tisa usiku kengele. Sala na kukaa kimya gizani mpaka karibu kunakucha. Kupambazuka tu, mstari wa watawa unatoka msituni peku, mabakuli begani, vijiji viwili vitatu vya jirani. Mlo mmoja asubuhi, vyote ndani ya bakuli moja, wali, mboga, samaki, tunda, na kitu kitamu juu yake, umekula umekula, mpaka kesho. Mchana kila mtu kwenye kibanda chake. Alasiri kufagia majani, kuvuta maji kisimani kwa kamba na kubeba kwa mti mabegani, kuchemsha magome na mbao za mfenesi kupata rangi ya mavazi. Jioni mahubiri, na Chah alikuwa akiamua kuongea anaongea, masaa matatu, manne, nyie mmekaa kwenye sakafu mbu wanawala, hamna kukunja uso. Kila wiki usiku mmoja hamna kulala kabisa.

Turudi kwenye huo mstari wa asubuhi. Mtawa haombi. Sheria inamkataza hata kuashiria. Anatembea macho chini, akiona mtu yuko na kikapu cha wali anasimama, kifuniko cha bakuli kinafunguliwa, donge linawekwa, kifuniko kinafungwa, anasonga. Hasemi asante. Mara ya kwanza kusoma hilo niliona ni kiburi, yaani mkulima ambaye mwenyewe anahangaika kujaza ghala anakupa chakula cha kwanza kilichotoka jikoni na wewe hata asante huna? Lakini ukifikiria vizuri, asante ingelifanya liwe jambo kati ya wawili, mimi na wewe, nakudai unanidai. Pale anayetoa ndo anajiona amepata bahati, na anayepokea anabeba deni ambalo halilipwi kwa mdomo. Chah alikuwa anawagongea hilo watawa wake kila mara, hawa watu wanakula chumvi na pilipili ili wewe ule samaki, sasa wewe ukirudi kibandani ukalala unajiita nani?

Na kijiji nacho kilipata chake. Mtu wa kumweleza ugomvi wa shamba. Mahali pa kuzika vizuri. Mtoto mkorofi wa kupeleka. Na msitu ambao hautakatwa, jambo ambalo wakati ule halikuonekana kubwa.

Mwaka 1967 akatokea mzungu. Robert Jackman, mtu wa Seattle aliyezaliwa 1934, aliwahi kuwa jeshi la majini la Marekani, akajitolea kufundisha Borneo, akaingia utawa Thailand na kupewa jina la Sumedho. Kumbuka ni wakati gani huo. Ubon palikuwa na kambi ya ndege za Marekani, Phantom zinapaa kwenda kupiga Vietnam na Laos, kwa hiyo Mmarekani kwenye mkoa ule ni rubani au fundi au mteja wa baa. Huyu mmoja akaja peku na bakuli. Chah akamkubali kwa sharti moja tu, hakutakuwa na kitu cha kipekee kwa ajili yake, chakula kile kile, kazi ile ile, mahubiri yale yale ya masaa manne kwa lugha usiyoijua. Miguu yake mirefu haikuzoea kukaa chini, samaki waliovundikwa walimshinda, joto lilimtesa, na akawa na orodha ndefu kichwani ya mambo ambayo hiyo nyumba inapaswa kurekebisha. Chah alimwacha nayo tu mpaka ikaishiwa nguvu. Alipojua lugha kidogo akamsimamisha ahubiri bila kujiandaa, halafu akamlazimisha aendelee hata baada ya kuishiwa maneno, watu wanasinzia, wengine wanaondoka. Alitaka azoee kutokupendwa anapoongea. Sijui kama kuna chuo cha uongozi kinafundisha hilo.

Kwa kuwa wageni wengine walizidi kuja, 1975 wakapata pa kwao. Kundi la watawa wa kigeni lilienda kwenye msitu karibu na kijiji cha Bung Wai kuchoma mabakuli yao yasipate kutu, kazi inayotaka kuni nyingi, na wanakijiji wakawaona, wakawapenda, wakawaomba wabaki. Msitu wenyewe ni wa makaburi, wenyeji hawautaki, wape wazungu hao hawaogopi. Ndo Wat Pah Nanachat, mkuu wake wa kwanza Sumedho. Watu wa Bung Wai, wakulima wa mpunga wa Isan, wakawa wanalisha watoto wa madaktari na maprofesa wa Ulaya na Marekani kila asubuhi. Sisi tumezoea misaada inatoka kule kuja huku, na picha zinapigwa. Bung Wai wameigeuza kila siku kimya kimya na hawana hata kibao barabarani cha kusema mradi huu umefadhiliwa na.

Uingereza ndo panachekesha. 1977 walialikwa London, Chah akaenda na Sumedho na wengine, wakafikia nyumba ndogo Hampstead, mbele yake barabara yenye kelele na baa ng'ambo. Chah akawaacha kule na agizo lake, kila asubuhi mtoke na mabakuli. London! Nani atawapa? Haijalishi, mtoke. Basi wakawa wanatoka kila siku na mavazi yao kwenye ile bustani kubwa ya Hampstead Heath, watu wanawashangaa, bakuli linarudi tupu. Mpaka siku moja mtu mmoja aliyekuwa anakimbia mazoezi akasimama kuwauliza nyie ni nani. Mtu huyo alikuwa na msitu Sussex, kusini mwa Uingereza, ekari zaidi ya 100, aliununua ili aurudishie uzuri wake wa zamani, akaona hiyo kazi mtu mmoja haimalizi. Akawapa msitu mzima. Mwaka 1979 wakahamia jengo bovu jirani na msitu ule, Chithurst, paa linavuja, na hapo ndo monasteri ya kwanza ya msituni ya ukoo wa Chah Uingereza ikaanza.

Siku hizi tuna programu za meditesheni kwenye simu, unalipia kwa mwezi, kengele inalia tiling, sauti inakwambia pumua. Sina ugomvi nazo, nimezitumia. Ila wamechukua kukaa kimya wakaacha bakuli, na kwa Chah bakuli lilikuwa nusu ya kazi. Kukaa kimya peke yako chumbani umelipia mwenyewe kila kitu ni jambo jepesi sana, huna mtu wa kumwangusha.

Kuna kisa chake cha glasi wengi wanakijua. Alikuwa anainua glasi yake ya maji anasema naipenda hii, inashika maji vizuri, jua likiipiga inang'aa, lakini kwangu imeshavunjika tayari, ndo maana kila dakika nayoitumia ni ya thamani, na ikianguka nasema sawa. Watu wanaiweka kwenye picha za Instagram. Mimi ilinigonga pale tu nilipojua kilichompata mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisukari na matatizo ya kichwa yalimwangusha, 1981 alifanyiwa upasuaji Bangkok na haukumrudisha. Taratibu akapooza, akapoteza kuongea. Mtu aliyehubiri masaa manne mfululizo akawa hana sentensi. Na hakufa. Alikaa hivyo karibu miaka kumi, kwenye nyumba iliyojengwa maalumu pale Pah Pong, watawa wanapokezana zamu usiku na mchana, wanamgeuza, wanamwogesha, wanamlisha, wanambadilisha. Zamu zile ziligombewa. Watawa wadogo ambao hawakuwahi kusikia hata neno moja kutoka mdomoni mwake walimhudumia na wengi wakasema ndo mafunzo makubwa waliyopata.

Nimemuuguza mtu mzima kitandani, najua kwamba hakuna cha utakatifu kwenye shuka la saa kumi alfajiri, kuna mgongo unauma na kuna hasira unazionea aibu. Kwa hiyo sitaki kulipamba. Lakini naona mantiki yake. Mtu ambaye tangu 1939 hakuweka kitu mdomoni bila mkono wa mwingine, mwishoni hata maji akawekewa na mkono wa mwingine.

Alifariki tarehe 16 Januari 1992, saa kumi na moja na dakika 20 alfajiri. Mwili ukahifadhiwa mwaka mzima, Januari 1993 wakamchoma, na inakadiriwa watu kama milioni moja walikuja, mfalme na malkia wakiwemo. Wakulima wa vijiji vya jirani wakapika.

Na msitu? 1961 misitu ilifunika zaidi ya nusu ya Thailand, mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 30, mpaka mafuriko na maporomoko ya Novemba 1988 kusini mwa nchi yakaifanya serikali Januari 1989 ipige marufuku ukataji wa magogo kibiashara. Isan ndo ilinyolewa vibaya. Leo monasteri nyingi za msituni ni visiwa, miti mirefu katikati ya mashamba ya mpunga, ukuta umezungushwa, na nje ya ukuta hamna kitu.

Sasa yule mama niliyesema nitamrudia. Aliishi Pah Pong na nguo zake nyeupe, na nyeupe sio rangi ya mtawa kamili. Utawa kamili wa wanawake kwenye Ubudha huu wa Theravada ulikatika karne nyingi zilizopita na uongozi wa watawa Thailand hautambui kuurudisha. Mwanamke anakaa na sheria zake chache, mara nyingi jikoni. Oktoba 2009 Ajahn Brahm, Mwingereza, mwanafunzi wa Chah mwenyewe, akashiriki kuwapa wanawake wanne utawa kamili huko Perth, Australia. Siku chache baadaye wazee wa Wat Pah Pong wakamwita, wakamtaka akane, akakataa, wakamwondoa yeye na monasteri yake kwenye familia ya Pah Pong.

Nimesoma hoja zao. Wanasema hakushauriana na wenzake, alifanya kimyakimya, sheria ya Thailand hairuhusu, huwezi kubadilisha kitu cha miaka elfu mbili kwa uamuzi wa kundi moja. Hilo la kutoshauriana nalielewa. Lakini Uganda, ambako Bhante Buddharakkhita, mtu wa huko huko, alianzisha kituo cha Wabudha 2005 karibu na Entebbe (yeye sio wa ukoo wa Chah), mama yake mzazi naye aliingia utawa na jua halikushindwa kuchomoza. Na ukiangalia picha za zamani za ule mstari wa asubuhi pale Isan, angalia anayepiga magoti barabarani na kikapu cha wali. Ni mama, ni bibi, ni binti. Waliamka saa tisa usiku, saa ile ile ya kengele, kuwasha moto na kupika huo wali. Kwenye hili mimi niko upande wa Brahm, na wazee wa Pah Pong wakinijibu kwamba siyajui mambo yao vizuri, sawa, lakini wali ule wameula wao.